Pikipiki ya Kibwana Mteremkoni

Kibwana, fundi baiskeli wa Bigwa, aliunda pikipiki yake ya kwanza sebuleni kwa injini ya pampu ya maji.

“Jumapili ikipita haijatembea,” mkewe Hidaya aliapa, “naigeuza ya kuanikia nguo!”

Jumapili hiyo injini iliwaka, lakini saa nane mchana ilikuwa imepita. Miaka hiyo, ili kubana mafuta, kila Jumapili tangu saa hiyo serikali ilikataza vyombo vya moto vya watu binafsi barabarani. Kibwana akaizima, akaisukuma hadi barabarani, akampakia Hidaya, wakaserereka mteremkoni wakipiga kelele kama watoto.

“Simama!” askari alifoka chini ya kilima.

“Injini imezimwa, afande! Tunateremka tu!”

Askari akaangua kicheko. Hidaya alishuka, akakaza khanga, akamgeukia mumewe.

“Unangoja nini, baba Zuhura? Sukuma tupande kilima, turudie!”