Gurbaba ya Shangazi

Siku ile naikumbuka hata nisipotaka, mwanangu. Nilikuwa msichana wa Arua, miaka ya sabini, na shangazi yangu alikuwa amekufa kwa kuhara. Siku ya tatu ya matanga tukagawana nguo zake. Nyumbani kwetu nguo za marehemu hazikufuliwa kabla ya kugawanywa, kwani tulitaka harufu yake ibaki. Mimi nilipata gurbaba, ile nguo wanawake wetu wa Kinubi hujifunga kiunoni. Ilikuwa na unyevu bado. Nikaikunja hivyohivyo, nikapanda lori mpaka Koboko, nikampa dada yangu Zamu.

Zamu akamfunika nayo binti yake Hawa. Kesho kutwa yake Hawa akaanza kuhara. Akaja mhudumu wa zahanati, mzee mmoja Mlugbara, akauliza, "Iko nguo ya mgonjwa imeingia hapa?"

Mama mkwe wa Zamu akanitazama. Niliona haya, mwanangu. Nikajibu, "Hapana, hakuna."

Hawa alinyweshwa maji ya chumvi na sukari, akapona, nasi tukafurahi kama wajinga. Gurbaba ile ile akafunikwa nayo mdogo wake, Kasimu, ambaye hata kutambaa alikuwa hajajua. Kasimu hakumaliza siku mbili.

Baada ya maziko ndipo nikasema. Mhudumu hakunigombeza. Alikaa kwenye mkeka, akaishika nguo kwa kijiti.

"Binti, kitu kama hii yenye nabeba ugonjwa, Kizungu ya vitabu naita fomiti. Neno iko ya Kilatini, ya zamani sana. Kwao ilikuwa ile majani kavu ya kuwashia moto. Wewe ulibeba bila kujua, hiyo si kosa. Lakini mimi niliuliza."

Nimezeeka na maneno hayo matatu ya mwisho. Nimechoka nayo, kusema kweli, kuliko ninavyochoka na magoti haya.

Basi nisikilize. Kuchemsha nguo za mgonjwa si kumkana aliyekufa. Na ukiulizwa umebeba nini, sema hapohapo, hata wakwe wakutazame vipi. Haya yangu ingeisha kabla ya Ijumaa. Zamu hajawahi kunilaumu. Kila Idi ananipakulia chakula kwa mkono wake, nami mpaka leo siwezi kumtazama usoni.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri, mwanangu, na akuepushe na kaburi fupi ambalo ungeweza kulizuia kwa neno moja.