Tovuti Iliyomuua Omondi wa Mahema

Leo nimekunywa chai na marehemu. Yeye ndiye aliyemaliza mandazi.

Omondi hukodisha mahema ya mazishi hapa Oyugis. Wateja wanamhamia jirani yake, kwa hiyo amejitengenezea tovuti, akaniita niione.

Ukiifungua, unakutana na picha yake akiwa na suti nyeusi, maua pande zote, na chini yake: "Mtumishi wa Watu." Ameiga matangazo ya mazishi, maana ndiyo anayoyaona kila siku.

"Mahema yako wapi?" nikamuuliza.

"Shuka chini kabisa."

"Hakuna atakayefika huko, ndugu yangu. Watakuwa wanalia."

Akanicheka. Simu yake ikalia. Ni shangazi yake wa Asumbi, aliyeiona tovuti kwenye kikundi cha familia, akiuliza ni nani amebaki na simu ya marehemu.

"Waya, shangazi yangu, ni mimi! Niko hai!"

Shangazi akauliza: "Na hema nililokwisha kuagiza?"

"Kwa nani?"

"Kwa jirani yako. Ningekuagiza wewe vipi, na umekufa?"

Sasa hema liko juu kabisa ya ukurasa. Maua ameyaondoa. Suti amekataa kuivua.

Semeni ukweli: mngemkodi, au mngemlilia?