Vidonge vya mgongo wa Babu

Jamani, leo nusura nitangaze msiba wa baraza zima!

Jana nilimpeleka Babu zahanati hapa Kiranjeranje. Misuli ya mgongo ilimkaza, hawezi kunyooka. Akapewa vidonge. Daktari akamweleza vizuri: vinatuliza mishipa ya fahamu inayoiamrisha misuli ikaze, ila vinalevya kwa usingizi, kwa hiyo ameze jioni tu.

Asubuhi hii napita barazani pa kahawa.

Wazee wote chali! Mmoja kahawa inamwagikia kanzu, hana habari.

Nikapiga yowe.

Mzee Issa akafungua jicho moja. "Hata shikamoo huna?"

Shikamoo nikaitoa.

Aliyekuwa macho ni Babu tu, kapinda kama ndoana.

"Babu, umewapa nini?"

"Vidonge. Kwani mgongo ninao peke yangu?"

(Enzi za ujamaa huyu ndiye aliyekuwa akigawa sukari ya mgao kijijini.)

"Na wewe umemeza?"

"Havikutosha."

"Babu!"

"Ulitaka nianze kujigawia mwenyewe, kama bepari?"

Mwenye mafuta ya kuchua aniletee mimi. Tafadhali, msimkabidhi yeye.