Zalio la Mjukuu wa Kwanza

Aikande Sumari ni mwanamke wa kucheka kwanza na kueleza baadaye, na ukimuuliza kazi yake mtacheka wote wawili. Anatafuta mazalio. Ndiyo, zalio lenyewe, kondo la nyuma, lile linalomfuata mtoto akishazaliwa. Kwao Meru, juu ya Usa River, zalio la mtoto wa nyumba huzikwa kwenye migomba ya ukoo. Anayeliomba alipeleke maabara mjini hutazamwa kama mtu aliyeomba kuazimwa jeneza.

Maabara yake iko Themi, huko mjini. Humo huotesha seli shina zinazopatikana kwenye zalio. Zamani wataalamu walidhani seli hizi hutibu kwa kugeuka nyama mpya pale palipoharibika, lakini siku hizi wanaona kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo iko katika majimaji zinayoyatoa. Chukua maji yaliyozilea seli hizo, ziondoe zenyewe zote, kisha yamimine kwenye seli za kinga zilizopandwa na hasira, zile zinazoufanya mwili uvimbe na kuwaka moto. Zinapoa. Aikande hupenda kusema kwamba zinaweka rungu chini na kushika ufagio, na akifika hapo kwenye ufagio macho yake yanang'aa kama ya bibi harusi.

Tabu ilikuwa moja tu: zalio la kuanzia hakuwa nalo. Kila mama mzazi aliyekubali, bibi wa mtoto alikataa. Mkuu wa maabara, mtu mpole, alikuwa amemwambia kwamba zalio lisipopatikana kabla ya mvua za masika, kazi hiyo itafungwa naye atahamishiwa kupima maji ya visima. Kupima visima ni kazi ya heshima, lakini Aikande alirudi nyumbani Levolosi akalala bila kula.

Na katika wakataaji wote, kinara alikuwa mama yake mzazi, Mama Ndeshi, mzee wa kanisa la Kilutheri ambaye hata mchungaji hujipanga kabla ya kubishana naye. Kwa hiyo wifi yake Aikande, Silantoi, mke wa kaka yake Brayson, alipopata mimba ya mjukuu wa kwanza, Aikande hakuthubutu kufungua mdomo. Mkuu wa maabara ndiye aliyemtuma mtu mwingine akamuulize Silantoi, ili undugu usimbane. Silantoi akakubali kwa furaha, mradi mama mkwe naye aridhie. Mama Ndeshi alilitafakari jambo lile wiki nzima, akanuna, akasali, mwisho akatoa hukumu: wachukue kipande cha ukubwa wa kiganja, kinachobaki kipelekwe mlimani kikazikwe.

Mtoto akazaliwa salama, wa kiume, mwenye sauti ya mnadi wa ng'ombe. Muuguzi akaweka kile kipande kwenye chupa, na chupa kwenye sanduku la barafu, jeupe, zuri. Sehemu kubwa iliyobaki akaifunga kwenye mfuko safi, akaizungushia barafu isiharibike njiani, akaitia kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko. Aikande akapakia vyote kwenye gari la maabara, akapitia kwanza mlimani kwa wazazi wake kushusha ndoo.

Ukifika nyumbani kwa Mmeru na habari ya mtoto, huondoki bila kula. Aikande akavuta vyote viwili kivulini barazani, akaingia jikoni kumsaidia mama yake kuponda ndizi za mtori. Walicheka, wakagombana juu ya jina la mtoto, wakasahau dunia. Alipotoka, alimkuta baba yake, Mzee Sumari, anarudi kutoka migombani na jembe begani, anaimba pambio. Sanduku jeupe lilikuwa wazi barazani, na ndani hamna chupa.

"Baba, umezika nini?"

"Zalio la mjukuu wangu. Nimeliombea na kupanda mgomba juu yake."

"Lilikuwa kwenye ndoo, baba."

Mzee Sumari akaitazama ile ndoo kwa mshangao wa kweli. "Mjukuu wangu wa kwanza apandishwe mlimani kwenye ndoo ya rangi?"

Aikande akakaa chini palepale, akalia. Kufukua kitu kilichoombewa hakuna aliyekutaja hata kwa utani. Kile kipande kimoja alichopewa baada ya kubembelezana kote kule kilikuwa chini ya mgomba, na visima vilikuwa vinamsubiri. Baba yake alisimama na jembe lake, mnyonge, hajui aliweke wapi.

Mama Ndeshi akatoka jikoni na mwiko mkononi. Akamtazama mumewe, akaitazama ndoo, akamtazama binti yake.

"Tulichompa Mungu hakirudishwi," alisema. "Na fungu la kumi likishatoka, mavuno yanayobaki ni ya mkulima. Beba ndoo yako, mwanangu, uwahi."

Aikande alimkumbatia mama yake, na mwiko ukampaka mtori mgongoni. Aliteremka mlima na doa lile, anacheka peke yake garini.

Zalio karibu zima ni utajiri ambao maabara ile haikuwahi kuuota. Seli ziliota. Majimaji yakavunwa, yakachujwa, yakamiminwa kwenye seli za kinga zilizochokozwa makusudi, na dalili za ule moto zikashuka sana, tena kila waliporudia. Mkuu mpole alionekana akicheza koridoni. Yote hayo yalikuwa kwenye vibakuli vya maabara tu, dawa bado iko mbali, na Aikande alimweleza hivyo mama yake kwa simu, asije akamwahidi mtu uponyaji kanisani.

Mama Ndeshi akasema ameelewa. Kisha akakohoa kidogo, kama afanyavyo kabla ya kusoma matangazo ibadani.

"Nimeongea na wenzangu wa umoja wa wanawake," alisema. "Wana wakwe wajawazito. Sisi tutazika kipande cha kiganja. Wewe njoo na ndoo."

Aikande alijibu "Asante, mama," na mama yake akamwacha alie kwanza.