Benny na kurasa arobaini zisizotupika

Mtaa mzima wa Ndosho ulimjua Benny: miaka kumi na miwili chuoni na bado mwanafunzi. Alionja sheria akaitema, akaonja ualimu akautema, sasa yuko biolojia na ndevu zimeanza mvi. Ukimuuliza atakuwa nani, anajibu, "Naweza kuwa chochote." Haya. Unga nao waweza kuwa chochote, lakini nani ameshiba unga mbichi?

Siku ya kutetea mémoire yake, lile andiko la kumaliza chuo, mchumba wake Apolline alikaa mstari wa mbele. Wazee wa Apolline walishatoa neno: Benny akipata diplome leo, mahari inapokelewa Jumamosi, akikosa, binti yao hangoji tena.

Benny alifundisha vizuri, haki yake tumpe. Hata sisi tulioishia darasa la sita tulielewa. Seli changa ya kiinitete, alisema, yaweza kuwa moyo, ngozi au ubongo. Inabaki changa kwa sababu ina kinu ndani yake: protini zinazoisukuma ikue zinatiwa alama, kinu kinazisaga. Saa ya kukua ikifika, kinu kinazigeukia zile zilizoishikilia katika uchanga.

"Isiposaga za zamani," akapiga meza, "haiwi kitu!"

Muzee Habarurema, mkubwa wa juri ya walimu waliomtahini, akavua miwani. "Vizuri, Papa. Diplome ni yako. Ila hizi kurasa arobaini za sheria na ualimu hazina kazi humu. Uzitoe mpaka kesho asubuhi, ndipo uichukue."

Benny akaikumbatia mémoire. Zile za sheria aliziandika siku zile watu walipoanza kumwita Maître, kama wakili. Azitoe, yule Maître aende wapi?

"Muzee, hizi haziwezi kutoka. Munipatie mwaka mumoja, nizipange muzuri."

Ukumbi ukaangua kicheko. Apolline hakucheka.

"Benny, ni nini umesema sasa hivi mbele ya watu?"

"Nilisema juu ya seli."

"Basi seli inakupita akili. Chagua: izo makaratasi ao mimi."

Benny akamtazama, akazitazama kurasa.

"Apolline, mbona haraka? Mwaka ni nini?"

Apolline akamuaga muzee kwa adabu. Mlangoni akapiga simu. "Mama, kreti za bia za Jumamosi murudishe. Hapana, hakuanguka mtihani. Walimupatia, ni yeye alikataa."

Ndani, Benny alikuwa anaiuliza juri kama ule mwaka unahesabiwa kuanzia leo ao kuanzia Januari.