Kufuli la Mzee Noske

Lorna Trezise alikuwa mdaku, na hilo si siri wala si tusi, mwenyewe alilijua. Miaka yote aliyokata nywele mjini kwetu, ukishakaa kitini ukafungwa shuka shingoni, huna tena pa kukimbilia. Maswali yanaanza. Mbona siku hizi unapita njia ya nyuma kwenda kanisani? Yule fundi wa visima alikuja kufanya nini kwa dada yako? Watu walitoka wakilalamika, na nywele zikirefuka walirudi, kwa sababu mkono wake ulikuwa mzuri na maswali yake hayakuwa na sumu. Alitaka kujua tu. Jambo asilolijua lilimwasha kama nywele zilizokatwa zikiingia ndani ya kola.

Alipoifunga saluni moja kwa moja, miguu imevimba kwa kusimama, tulidhani atakaa kibarazani ahesabu wapita njia. Wapi. Akaenda kununua baiskeli, tena si ya kwendea dukani, bali hizi za matairi mapana yenye meno, za kwenye changarawe. Mumewe, Merv, akamwuliza anakwenda wapi na umri huo.

"Sijui," Lorna akasema. "Ndiyo maana naenda."

Huku kwetu barabara za changarawe ni nyingi kuliko watu. Unaendesha asubuhi nzima kati ya mashamba ya ngano na malisho ya kondoo husikii ila tairi lako mwenyewe. Ukibahatika kukutana na gari, dereva anainua kidole kimoja kwenye usukani, nawe unainua chako, salamu imekwisha. Lorna aliendesha na rafiki yake Gwenda Hocking, karani mstaafu wa mahakama, mwanamke wa taratibu hata katika kufunga kamba za viatu. Safari moja ya Lorna ilikuwa vituo kumi. Atasimama kwenye sanduku la barua lililoundwa kwa ngoma ya mashine ya kufulia. Atasimama kwenye gofu la nyumba ya mawe, mti wa matunda bado unazaa mlangoni, aulize nani aliupanda na kwa nini aliuacha. Gwenda humsubiri mbele, mguu mmoja chini, anaguna.

"Umemaliza kuhoji mti?"

"Haujanijibu bado."

Njia waliyoipenda kuliko zote ilikatiza shamba la Mzee Clem Noske. Ni njia ya zamani ya kuswagia kondoo, inapanda kutoka mjini, inavuka vilima na kutokea kwenye reli iliyong'olewa. Usipopita hapo, huna budi kupita barabara kuu na malori ya nafaka, na huko Gwenda alishatupwa mtaroni na upepo wa lori, akakaa na mkono kwenye plasta majira yote ya baridi. Mzee Noske aliwaachia watu wa baiskeli wapite kwa sharti moja, nalo mtoto wa huku analijua kabla hajajua kusoma: acha geti kama ulivyolikuta. Ukilikuta limefungwa, lifunge nyuma yako. Ukilikuta wazi, liache wazi. Usijitie akili.

Lakini tangu mkewe Ilse afariki, mzee alikuwa hashikiki. Kabla ya Krismasi alikuta kondoo dume wamechanganyika na majike, geti liko wazi, akasema ni watu wa baiskeli. Akaja duka la vifaa vya shamba, akanunua mnyororo na kufuli, akavibwaga juu ya kaunta ili wote tuone.

"Geti moja tena," alisema, "naifunga njia. Mkaendeshee sebuleni kwenu."

Basi ikafika Februari, ile Februari ya joto la kukausha mate. Lorna na Gwenda waliondoka kabla jua halijachomoza, wakapanda hadi geti la katikati la Mzee Noske, lililoko mgongoni mwa kilima. Lilikuwa limefungwa.

"Mbona limefungwa?" Lorna akauliza.

"Limefungwa kwa sababu limefungwa. Pita."

Wakapita, wakalifunga nyuma yao kama sheria inavyotaka. Mbele kidogo, chini ya mteremko, kondoo walikuwa wamejibana kwenye seng'enge iliyo juu ya korongo, nyuso zote zimeelekea upande mmoja. Lorna aliwasalimu kama kawaida yake. Hakuna aliyegeuka.

Walifika kwenye jukwaa la stesheni ya zamani, wakatoa chai na pai za nyama. Gwenda alikula yake. Lorna aliishika tu.

"Wale kondoo hawakukimbia," alisema.

"Kondoo ni wajinga."

"Wajinga ndio hukimbia. Wale walisimama."

Gwenda aliweka kikombe chini. Alimjua. "Lorna, nisikilize. Ukifungua geti ulilolikuta limefungwa, na yule mzee akajua, njia imekufa. Mimi sirudi kwenye malori kwa ajili ya udaku wako."

"Naenda kuangalia tu."

"Hujawahi kuangalia tu maishani mwako," Gwenda akasema, na huku anasema hivyo alikuwa anavaa helmeti.

Walirudi jua likiwa tayari linauma. Getini Lorna alishuka, akaanza kuzunguka kama aliyepoteza pete. Kando ya ua, mahali geti hukaa likiwa wazi, palikuwa na mstari wa nyasi ndefu kavu ambazo kondoo hawakuweza kuzifikia. Nyasi zilikuwa zimeota katikati ya vyuma vya geti, na sasa zilikuwa zimekatikakatika, zimelala. Geti hilo lilikaa wazi tangu majira ya mvua, na mtu alikuwa ameling'oa hapo juzijuzi. Kisha Lorna akatazama bondeni. Birika la kunyweshea kondoo lilikuwa kule chini, ng'ambo ya ua.

"Huku waliko kondoo, maji yako wapi?" akauliza.

Gwenda alitazama huku na huku, hakuona birika wala kisima. Ila aliona kitu kingine. Upepo wa jana asubuhi ulikuwa umefagia vumbi lote likawa laini, na juu yake palikuwa na alama za baiskeli zao, na alama za pikipiki ya magurudumu manne, na nyayo za mbwa. Za pikipiki na za mbwa zilitoka upande wa nyumba ya Noske zikarudi huko huko.

"Kalifunga mwenyewe," Gwenda akasema. "Shamba lake, geti lake. Labda maji yana dawa. Labda ana sababu usizozijua. Liache."

Hapo ndipo Lorna aliogopa kweli. Hata simu haikushika mtandao pale mgongoni. Aliwatazama wale kondoo, vinywa wazi, mbavu zikipanda na kushuka. Akateremka hadi kwenye birika, akachota maji kwa kiganja, akanusa, akayanywa. Gwenda alifumba macho.

"Ni maji tu," Lorna akasema aliporudi. "Nikikosea je?"

"Ukikosea, sikujui."

Lorna akafungua geti. Jike mmoja akaona, na walipoanza walikuja wote kwa pamoja, vumbi hadi angani, wakalivamia birika wakikanyagana. Lorna aliketi chini akiwatazama wakinywa.

Kisha wakaenda wenyewe nyumbani kwa Mzee Noske, maana Gwenda alisema afadhali kukiri kuliko kushtakiwa. Mzee alikuwa kibarazani, nywele zimemfunika masikio, mbwa wake Tess miguuni.

"Clem, nimefungua geti lako la katikati," Lorna akasema. "Tulilikuta limefungwa."

Mzee aliinuka taratibu. "Limefungwa na nani? Geti lile nililiacha wazi tangu tukate sufu, wanyama wapate maji." Akaingia ndani, akatoka na mnyororo na kufuli, uso umemwiva. "Ni nyinyi. Nyinyi na baiskeli zenu. Niliwaambia. Kondoo mia tatu kwa joto hili, mlitaka nizike mizoga?"

"Wewe ulikwenda lini huko mara ya mwisho?"

"Jumapili. Kwani vipi?"

Siku ile ilikuwa Alhamisi. Gwenda alivuta pumzi, "Lakini alama za—" na Lorna akamkanyaga mguu. Swali lilikuwa limemjaa kinywani, lile linalofuata, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakutaka jibu lake. Lakini akinyamaza, njia imekufa, na tena huyu mzee atabaki peke yake na mageti yake.

"Twende tukaangalie pamoja," alisema.

Walikwenda na pikapu ya mzee. Mzee alishuka na mnyororo wake akatembea kuelekea getini. Mahali vumbi lilikuwa laini akasimama. Alitazama alama za magurudumu manne. Alitazama nyayo za mbwa, akamtazama Tess. Palikuwa na alama ya buti lenye kisigino kilichobanduka upande. Akaweka buti lake kando ya ile alama, akaliondoa, akaangalia.

"Lorna," akasema, sauti imemshuka. "Mimi nilikuja hapa jana?"

Mwanamke aliyeuhoji mji mzima aliinama akaitazama ile alama. "Naona ulikuja, Clem."

"Kufanya nini?"

"Sijui."

Mzee akageukia upande wa kondoo. Kisha akauliza, "Na wale madume, kabla ya Krismasi?" Gwenda aliangalia viatu vyake. Lorna alimwonea huruma. Alitaka kumshika mkono, lakini wanaume wa huku hawashikwi mikono.

"Nani anakukata nywele siku hizi?" akamwuliza.

"Hakuna. Ilse ndiye alikuwa ananikumbusha."

"Alhamisi ijayo nitapita. Toa kiti kibarazani."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Akalisukuma geti hadi nyuma kabisa, likalala kwenye nyasi zake. Akapitisha mnyororo kwenye vyuma na kwenye nguzo ya ua, akapiga kufuli, akavuta kuhakikisha. Geti likawa limefungiwa wazi. Ufunguo aliushika kidogo, akaugeuzageuza, kisha akampa Lorna.

"Kaa nao wewe," alisema. "Nikikuomba, niulize kwanza nautakia nini."

Lorna aliufunga kwenye shingo ya baiskeli yake, na upo hadi leo. Kila Alhamisi anamfunga mzee shuka shingoni na kumwuliza amepita wapi wiki hii, na geti lipi amelifanya nini. Anayoyakumbuka anayasema. Asiyoyakumbuka, wakimaliza nywele, wanakwenda kuyatazama.