Njegere Zisizo na Maganda

Hebu mwone jirani yangu akiingia jikoni na bakuli la njegere zilizochemshwa, bado zinafuka moshi. Hukaa kwenye kigoda, azibinye moja moja kwa kidole gumba, ganda huku, kiini kule, maana ganda humpalia mumewe mgonjwa. Kisha huziponda na kitunguu cha kukaanga mpaka zilainike kama uji. Jana binti yake alimshika mkono.

"Mama, baba hamezi tena. Hata maji yanarudi."

"Taratibu, anasikia," alinong'ona, kisha akapaza sauti kuelekea chumbani: "Mzee, leo nimeziweza! Ukizikataa utaniaibisha kwa majirani!"

Kidole gumba kikaendelea kubinya. Nawe, ndugu yangu, ungethubutu kumpokonya lile bakuli?